Haki za Raia Si "Mambo ya Ndani": Ushahidi wa Barabara ya Iringa na Mbeya

Mwishoni mwa muhula uliopita niliwapa wanafunzi wangu swali moja la insha. Niliandika ubaoni: "Je, mataifa mengine yana haki ya kuhoji hali ya uhuru wa raia katika nchi iliyo huru? Jadili kwa mifano ya Tanzania." Nikawapa saa mbili. Nilipoketi usiku kusahihisha, nilikuta karatasi moja tupu. Juu yake palikuwa na jina, namba ya usajili na swali lililonakiliwa kwa mwandiko safi. Chini kabisa ya ukurasa palikuwa na sentensi mbili: "Mwalimu, jibu ninalo. Lakini karatasi hii itabaki kwako, na jina langu liko juu yake."

Katika miaka ya kufundisha nimesahihisha karatasi tupu nyingi. Nyingine zilikuwa tupu kwa uvivu, nyingine kwa maradhi, nyingine kwa sababu mwenye nayo alikuwa amefiwa. Hii ilikuwa ya kwanza kukutana nayo ikiwa tupu kwa hofu. Na mwandishi wake si mzembe; ni miongoni mwa wanafunzi bora niliowahi kuwafundisha. Karatasi hiyo imekaa mezani kwangu wiki mbili bila alama. Nimeona njia ya haki ni moja tu: nilijibu mwenyewe swali nililolitunga, na jina langu liwe juu ya jibu hilo.

Hofu ya mwanafunzi huyu haikutoka hewani. Nimezaliwa Iringa, ninafanya kazi Mbeya, na kwa zaidi ya miaka ishirini nimekuwa nikipita barabara inayounganisha miji hii miwili, zaidi ya kilomita 300 za mashamba ya mahindi, misitu ya misonobari na malori yasiyokwisha. Ukiijua barabara hii vizuri, huhitaji kwenda Geneva wala New York kutafuta ushahidi wa jambo tunalolijadili. Vituo vyake vinatosha.

Vituo vya barabara

Tuanze Mafinga. Machi 2018, Abdul Nondo, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kiongozi wa mtandao wa wanafunzi, alitoweka Dar es Salaam na kuonekana siku iliyofuata Mafinga. Alisema alitekwa. Yeye aliyedai kutekwa ndiye aliyegeuka mshtakiwa, mbele ya mahakama ya Iringa, kwa madai ya kusambaza taarifa za uongo kuhusu kutekwa kwake. Novemba 5, 2018 mahakama hiyo ilimwachia huru. Nani basi alimtoa Dar es Salaam akamfikisha Mafinga? Swali hilo halijajibiwa mbele ya umma. Desemba 1, 2024, kijana huyo huyo, sasa akiwa kiongozi wa ngome ya vijana ya ACT-Wazalendo, alichukuliwa na watu katika kituo cha mabasi cha Magufuli, Dar es Salaam, na baadaye akatupwa ufukweni akiwa na majeraha.

Songa mbele kidogo ufike Nyololo, wilayani Mufindi. Hapa, Septemba 2, 2012, mwandishi wa habari wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa habari mkoani Iringa, Daudi Mwangosi, aliuawa kwa bomu la machozi lililofyatuliwa karibu na mwili wake, akiwa amezungukwa na askari. Alikwenda kazini, kuripoti ufunguzi wa tawi la Chadema. Picha za dakika zake za mwisho zilichapishwa magazetini, na kila aliyeziona hatazisahau. Mwaka 2016 Mahakama Kuu, iliyoketi Iringa, ilimtia hatiani askari mmoja kwa kuua bila kukusudia na kumhukumu kifungo cha miaka 15. Nasema askari mmoja, ilhali picha zinaonyesha kundi zima, na operesheni ya siku ile ilikuwa na makamanda wake.

Pita Makambako, Chimala na Igurusi, ufike Inyala. Mei 2019, Mdude Nyagali, mwanaharakati wa Chadema aliyechukuliwa Vwawa mkoani Songwe siku chache kabla, aliokotwa eneo hilo akiwa hai lakini amepigwa vibaya. Mwaka uliofuata alishtakiwa kwa dawa za kulevya. Juni 2021 mahakama ya Mbeya ikamwachia huru. Kisha usiku wa Mei 2, 2025 watu walivunja na kuingia nyumbani kwake Mbeya, wakampiga mbele ya mke wake na kuondoka naye. Sakafuni ilibaki damu. Polisi walisema hawamshikilii. Ndugu na mawakili walikwenda Mahakama Kuu kuomba aletwe, na shauri likatupwa. Miezi imepita, hajaonekana.

Sasa tumefika Mbeya mjini. Februari 26, 2018, mbunge wa jimbo hili, Joseph Mbilinyi, tunayemwita Sugu, pamoja na kiongozi mwenzake wa chama, Emmanuel Masonga, walihukumiwa kifungo cha miezi mitano kwa maneno waliyoyasema jukwaani dhidi ya Rais John Magufuli. Watu wa Mbeya walimchagua mtu wa kusema kwa niaba yao, naye akafungwa kwa kusema. Walitoka Mei 10 mwaka huo kwa msamaha wa Rais.

Agosti 2024, Baraza la Vijana la Chadema liliitisha mkutano wa Siku ya Vijana Duniani katika viwanja vya Ruanda Nzovwe. Jeshi la Polisi liliupiga marufuku likidai kuna mpango wa vurugu, na likataja maneno ya waandaaji waliokuwa wakiwasifu vijana wa Kenya. Mabasi ya vijana yalizuiwa njiani kabla ya kufika. Kwa takwimu za polisi wenyewe, watu 520 walikamatwa, wakiwamo Freeman Mbowe, Tundu Lissu, John Mnyika na Sugu. Waandishi wa habari nao hawakusalimika. Siku ya vijana ikapita Mbeya ikiwa na askari wengi mitaani, na vijana wakiwa mahabusu.

Wiki chache kabla ya hapo, upande wa Rungwe, kijana msanii alihukumiwa kifungo cha miaka miwili au faini ya shilingi milioni 5 kwa makosa yaliyotokana na video aliyomo akichoma picha ya Rais. Wananchi walichanga fedha wakamtoa. Mimi binafsi sikukipenda kitendo chake. Picha ya mtu haichomwi kwa sababu tu unatofautiana naye. Lakini wananchi waliochanga hawakuchangia moto. Walipima kosa na adhabu wakaona mizani imeinama. Muda si mrefu baada ya kuachiwa, kijana huyo alichukuliwa na watu wasiojulikana, na familia yake ikaanza kazi ambayo hakuna mzazi anayepaswa kuifanya, ya kutembea kituo hadi kituo ikiuliza.

Haya yote ni ya barabara moja, au ya umbali mfupi kutoka barabara hiyo. Sijagusa Dar es Salaam, sijagusa Zanzibar, sijagusa Tanga alikotokea mzee Ali Kibao, aliyeshushwa kutoka katika basi Septemba 6, 2024 na kukutwa amekufa kesho yake. Mwanafunzi wangu ni kijana wa ukanda huu. Majina haya anayajua bila kusoma kitabu. Alipoiacha karatasi yake tupu, alikuwa amesoma mazingira yake kwa usahihi kuliko mwalimu aliyetunga swali.

Hoja ya "mambo ya ndani"

Baada ya kifo cha Kibao, balozi za Marekani, Uingereza, Umoja wa Ulaya na nyingine zilitoa matamko ya kutaka uchunguzi huru. Rais Samia Suluhu Hassan alikwisha kulaani mauaji yale na kuagiza uchunguzi. Kwa hilo anastahili kutajwa. Lakini Septemba 17, akizungumza Moshi katika maadhimisho ya miaka 60 ya Jeshi la Polisi, aliwajibu wanadiplomasia kwa ukali: nchi hii ina Katiba na sheria zake, haihitaji kuelekezwa na watu wa nje. Tangu hapo hoja hiyo imekuwa jibu la kila siku. Ukitaja haki za raia, unaulizwa: "Wageni wanahusika nini?"

Swali hilo ni halali, na nitalijibu kwa historia ya barabara ile ile.

Novemba 11, 1965, walowezi wa Rhodesia, chini ya Ian Smith, walijitangazia uhuru wao ili wawatawale Waafrika wengi bila ridhaa yao. Smith naye alisema hayo ni mambo ya ndani. Serikali ya Mwalimu Nyerere haikukubali. Desemba mwaka huo Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa sababu Uingereza ilishindwa kumchukulia hatua Smith, na kwa uamuzi huo tukapoteza mkopo wa pauni milioni 7.5 ambao nchi maskini ilikuwa ikiuhitaji mno. Zambia ilipozibiwa njia ya kusini, malori ya mafuta yalianza kupita huku kwetu, katika barabara ya vumbi na tope kutoka Dar es Salaam kupitia Iringa na Mbeya. Ndipo likajengwa bomba la mafuta, ikawekwa lami, ikafuata reli ya TAZARA. Barabara hii ambayo vijana walizuiwa Agosti 2024 ilitengenezwa kwa sababu Tanzania ilikataa kuamini kwamba uonevu wa raia ni jambo la ndani la nchi yoyote.

Si hilo tu. Mkoani Iringa, huko Mgagao, palikuwa na kambi ya wapigania uhuru wa Zimbabwe. Mwaka 1975 maofisa vijana wa kambi hiyo waliandika waraka wa kuwakataa baadhi ya viongozi wao wa zamani, na wakaupeleka kwa Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika na kwa serikali za Tanzania na Msumbiji. Vijana waliokuwa nje ya nchi yao waliandika malalamiko yao na kuyapeleka kwa mataifa mengine. Tanzania haikuwaita vibaraka. Iliwasikiliza.

Mwaka huo huo wa 1975 Tanzania ilisusia mkutano wa wakuu wa nchi za Afrika uliofanyika Kampala chini ya Idi Amin. Hoja ya serikali yetu ilikuwa nyepesi na nzito kwa wakati mmoja: Afrika inapiga kelele Mwafrika akiuawa na Mzungu, lakini inanyamaza Mwafrika akiuawa na Mwafrika mwenzake. Mwaka 1968 tulikuwa tumeitambua Biafra, wakati serikali ya Nigeria ikisema vita ile ni ya kwake. Unaweza kubishana na uamuzi mmoja mmoja kati ya hiyo. Wanahistoria bado wanabishana. Huwezi kubisha kwamba kulikuwa na msingi, na msingi ulikuwa kwamba damu ya mtu haiwi ya ndani kwa sababu imemwagika ndani ya mpaka.

Kwa hiyo anayesema leo kwamba kuhoji haki za raia wa nchi nyingine ni tabia ya kibeberu, anawashtaki waasisi wa taifa hili bila kujua.

Fuvu la Mkwawa

Wapo watakaosema: tofauti ni kwamba sisi tulikuwa wakweli, na Wazungu wana ajenda zao. Ndiyo, wana ajenda. Sitawatetea. Serikali zile zile zinazotuandikia matamko hukaa kimya kwa rafiki zao wenye mafuta au bandari nzuri. Zinatukemea asubuhi na kusaini mikataba ya madini jioni. Msomaji anayenituhumu kwa kuwapenda mno Wazungu asome historia ya Kalenga, maana huko ndiko nilikojifunza jinsi ya kuishi na unafiki wao.

Mtwa Mkwawa wa Wahehe aliwashinda Wajerumani Lugalo Agosti 1891. Mwaka 1898, akiwa amezingirwa, alijipiga risasi, na kichwa chake kikachukuliwa. Vita Kuu ya Kwanza ilipokwisha, jambo la ajabu lilitokea: katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, ibara ya 246, Ujerumani ilitakiwa kulikabidhi fuvu la Mkwawa kwa serikali ya Uingereza. Je, Waingereza waliwapenda Wahehe kiasi hicho? Hata kidogo. Walitaka kumdhalilisha Mjerumani na kujipatia sifa katika koloni jipya. Wao wenyewe waliendelea kututawala miaka mingine zaidi ya arobaini.

Hata hivyo ibara ile, iliyoandikwa kwa nia mchanganyiko na watu wasiotujali, ilibaki katika maandishi. Juni 19, 1954 fuvu lilirudishwa Kalenga na kupokewa na Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wa shujaa. Na huyo aliyelipokea ndiye baadaye alikuwa Spika wa kwanza Mwafrika wa Bunge la nchi hii. Funzo langu ni hili: nia ya mgeni ichunguzwe, lakini haki iliyoandikwa ni yako, uidai. Wahehe hawakulikataa fuvu la babu yao kwa sababu karatasi iliyolidai ilitiwa saini Ufaransa.

Na karatasi za leo hatukuandikiwa na wageni. Tulizisaini wenyewe. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa tuliuridhia mwaka 1976, enzi ya Mwalimu. Mkataba wa Afrika wa Haki za Binadamu na Watu tuliuridhia mwaka 1984. Mwaka 2010 tulikwenda mbali zaidi tukawaruhusu raia wetu na asasi zao kwenda moja kwa moja katika Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ambayo makao yake yako Arusha, ndani ya ardhi yetu. Novemba 2019 serikali ikaondoa ruhusa hiyo. Jaji amekaa Arusha, na mke wa aliyetekwa Mbeya hawezi kumfungulia shauri jipya. Aliyefunga mlango wa mahakama ya Waafrika hawezi tena kulalamika kwamba malalamiko yanasikika Ulaya. Maji yakizibiwa mkondo mmoja, hutafuta mwingine.

Baada ya uchaguzi wa Oktoba 29, 2025 hata kisingizio cha ubeberu kimekosa pa kusimama. Chama kikuu cha upinzani hakikuwamo kwenye karatasi ya kura. Mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa gerezani kwa shtaka la uhaini. Mgombea wa ACT-Wazalendo, Luhaga Mpina, alikuwa ameenguliwa. Maandamano yakazuka katika miji kadhaa, Mbeya ikiwamo. Intaneti ikazimwa siku kadhaa. Kisha tukatangaziwa ushindi wa karibu asilimia 98. Nani alisema uchaguzi ule haukufikia viwango? Ujumbe wa SADC, ulioongozwa na spika wa zamani wa Malawi, ndiye jirani yetu wa ng'ambo ya Ziwa Nyasa. Kisha Umoja wa Afrika, chini ya Mokgweetsi Masisi, Rais mstaafu wa Botswana. Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ikasema taarifa zilizoifikia zinaonyesha mamia ya watu waliuawa. Serikali imeunda tume chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman, na mimi naitakia tume hiyo ujasiri. Lakini tusiseme tena kwamba ni Wazungu. Waliosema ni ndugu zetu, tena katika jumuiya tulizozianzisha sisi.

"Tunalinda amani"

Imebaki hoja moja, na ndiyo nzito kuliko zote, kwa sababu inasemwa na watu wema: mama wa sokoni Mwanjelwa, mzee anayekunywa ulanzi wake kwa utulivu Kilolo, mchungaji, shehe. Wanasema: "Mwalimu, bora amani." Nawaelewa. Wameona wakimbizi wa Burundi na Kongo; hawataki watoto wao wabebe magodoro kichwani.

Lakini Iringa inayo kumbukumbu nyingine. Sikukuu ya Krismasi ya mwaka 1971, huko Isimani, mkulima Saidi Mwamwindi alimpiga risasi na kumwua Mkuu wa Mkoa, Dakta Wilbert Klerruu, katika mzozo juu ya shamba wakati wa operesheni ya vijiji vya ujamaa. Mwamwindi alihukumiwa kunyongwa, na akanyongwa. Mauaji yale hayana utetezi. Klerruu alikuwa mtumishi wa umma aliyekuwa akitekeleza sera, na nyumba mbili zililia. Ila mwalimu wa siasa lazima aulize: kabla ya bunduki, mkulima yule na wenzake walikuwa na mlango gani wa kusema "hapana" ukasikika? Palikuwa na amri kutoka juu, na chini palikuwa na utii au uasi, bila kitu katikati. Uhuru wa kusema, wa kukusanyika na wa kushtaki ndicho kile kitu cha katikati. Anayeuondoa kwa jina la amani anabomoa ukuta akidhani anazuia upepo.

Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 3, 2023, Rais Samia alipoondoa zuio hilo. Nilikuwa miongoni mwa waliompongeza, na sifuti pongezi zile. Miezi ile ilituonyesha jambo: watu walikusanyika, wakasema, wakakosoa, wakarudi nyumbani, na nchi haikuteketea. Uzoefu wetu wenyewe umethibitisha kwamba maneno hayaui. Katika orodha ya barabara niliyoitoa hapo juu, tafuta aliyeuawa na maneno ya mpinzani. Hayumo.

Kwa wasomaji wangu

Najua wanaosoma safu hii. Watumishi wa umma, ninyi ni wengi kuliko mnavyokiri. Wengine nimewafundisha, sasa mko halmashauri, mahakamani, katika ofisi za wakuu wa wilaya, na wachache mko katika vyombo vya ulinzi. Kumbukeni hatima ya kesi ya Nyololo: kamanda hakusimama kizimbani, alisimama askari. Amri ya mdomo haina saini, na siku ya hukumu aliyeitoa hukumbuki vizuri alisema nini. Ibara ya 14 ya Katiba inalinda uhai, ya 15 uhuru wa mtu, ya 18 uhuru wa maoni, ya 20 uhuru wa kukusanyika. Hakuna hata moja iliyoandikwa Brussels. Mkiombwa kufanya kinyume, ombeni maandishi. Ni jambo dogo, ni la kisheria, na limewahi kuwaokoa wengi.

Wanaharakati, msiifanye ripoti ya mgeni kuwa mbadala wa ushahidi wenu. Tamko la ubalozi hudumu wiki moja. Jina, tarehe, mahali na shahidi hudumu miaka. Tumemjua Mwangosi alivyokufa kwa sababu waandishi wenzake walipiga picha na kusimama mahakamani. Wageni waliosema baadaye waliegemea kazi ya watu wa Iringa.

Wanafunzi, kwenu nina ungamo. Machi 2018, Nondo alipofikishwa mahakamani, mwanafunzi mmoja aliniuliza darasani nina maoni gani. Nilimjibu kwamba jambo liko mahakamani, tukaendelea na mada. Jibu lilikuwa sahihi kisheria na lilikuwa la woga. Mahakama haikunikataza kusema kwamba anayedai kutekwa husikilizwa kwanza kabla ya kushtakiwa. Nilijikataza mwenyewe. Karatasi tupu iliyo mezani kwangu leo haikuanza na mwanafunzi huyu. Ilianza na walimu kama mimi, tuliowafundisha kwa vitendo kwamba kuna maswali ambayo mtu mwenye busara huyapita pembeni. Mficha maradhi, kilio humfichua. Na kilio kimetufichua.

Kwa serikali sina mengi. Semeni Mdude Nyagali yuko wapi, hai au mfu. Semeni kijana wa Rungwe yuko wapi. Rudisheni ruhusa ya raia kwenda Arusha. Ridhieni mkataba wa kupinga utesaji, ambao hadi leo hatumo. Mkiyafanya hayo manne, wageni watakosa la kusema, na sisi tutakuwa wa kwanza kuwaambia waende wakatazame kwao.

Nimerudi kwenye karatasi. Kanuni za mtihani zinasema jibu lisiloandikwa halipati alama, na mimi si mtu wa kuvunja kanuni. Nitamwita mwanafunzi huyu ofisini, nifunge daftari, niweke kalamu chini, nimwombe anijibu kwa mdomo, bila jina wala maandishi. Nikimsikia ndipo nitajua nimpe alama ngapi. Alama zangu mwenyewe, kwa swali la mwaka 2018, nimekwisha kuziandika. Ni sifuri.